Kuchanja Mbwa, Kuokoa Mtoto: Daktari wa Mifugo Katika Afya ya Jamii



Nimeombwa kueleza nafasi ya daktari wa mifugo katika kupambana na magonjwa yanayowapata wanyama na binadamu. Nitajikita kwenye kichaa cha mbwa, maana hakuna ugonjwa unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba uhai wa mtoto unaweza kuwa mikononi mwa mtu aliyesomea kutibu wanyama.

Dalili zikishamtokea mtu, tiba hakuna. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, na asilimia 99 ya wagonjwa huambukizwa na mbwa. Aliyeng'atwa huokolewa kwa kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha kuchomwa sindano za chanjo kwa ratiba. Sindano hizo ni ghali, mara nyingi hazipo zahanati ya jirani, na familia huuza mbuzi ili ifike hospitali ya wilaya. Wapo wanaofika wakiwa wamechelewa, na hilo linauma kwa sababu kifo hicho kilizuilika.

Miaka ya 1990 Sarah Cleaveland, daktari wa mifugo kutoka Uingereza, alianza kuuchunguza ugonjwa huu Serengeti. Swali zito lilikuwa virusi vinajihifadhi wapi. Hifadhi imejaa fisi, mbweha na simba. Kama chimbuko ni wao, kuchanja mbwa vijijini kungekuwa kazi bure. Yeye na wenzake, Watanzania wakiwamo, hawakuishia kupima wanyama. Walipekua pia kumbukumbu za hospitali za watu waliong'atwa, wakafuatilia matukio hadi vijijini. Jibu likawa kwamba mbwa wa majumbani ndio wanaoudumisha ugonjwa. Utafiti wa Katie Hampson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ukaonyesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ushei tu. Hapo ndipo penye tumaini: moto unaosambaa polepole kiasi hicho unazimika, mradi kila kampeni ifikie takriban asilimia 70 ya mbwa. Wilayani Serengeti mbwa walipochanjwa, watu waliong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa walipungua.

Pemba nako walianza kuchanja mwaka 2010, ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na kufikia 2018 ukawa umetokomezwa mara ya pili. Kwa hiyo kinga haina likizo, hata kisiwani.

Lakini kichaa cha mbwa angalau kinatambulika kwa jina; magonjwa mengine yatokayo kwa wanyama hupita bila kutambuliwa. Mjini Moshi, mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa kina. Madaktari waliwaandikia malaria asilimia 60.7, waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa waliopimwa kikamilifu, zaidi ya robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, kama brusela na leptospira. Ninyi mnaohudumu vyumba vya wagonjwa, naomba mtafakari takwimu hizo. Je, ni wangapi waliulizwa kama wanafuga, kama wamezalisha ng'ombe au kunywa maziwa mabichi?

Pendekezo langu la kwanza ni kwamba maswali hayo yaingie kwenye fomu ya kila mgonjwa wa homa. La pili linahusu fedha. Chanjo ya mbwa hutoka kwenye fungu la mifugo, sindano za aliyeng'atwa hutoka afya au mfukoni mwa mwananchi. Bwana mifugo akichanja vizuri, nafuu inaonekana hospitalini huku fungu lake likibaki dogo vilevile. Halmashauri ziweke bajeti moja ya kichaa cha mbwa, isimamiwe kwa pamoja na mganga mkuu na daktari wa mifugo wa wilaya. Na kila anayeng'atwa akipokelewa, bwana mifugo wa kata apigiwe simu siku hiyohiyo, amtafute yule mbwa na wengine aliowang'ata.