Karatasi ya Bandari ya Pili: Mfanyabiashara Mdogo wa Silaha na Forodha ya Unguja



Miezi michache iliyopita, kijana mmoja niliyemsomesha zamani alinijia barazani baada ya sala ya alasiri. Ana duka la vifaa vya uvuvi, na mambo yake si mabaya. Alikunywa kahawa yake pole pole, akazungumza khabari za karafuu, akazungumza mpira, mpaka wenzetu walipoondoka ndipo akalitoa lililomleta. "Mwalimu, nataka kuingia biashara ya kupeleka silaha nje. Kwa halali. Nianze wapi?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Wengi wanaoitamani biashara hii huanza na bei, na yeye alianza na neno "halali". Na si wa kwanza kuuliza swali hilo katika mji huu wa Unguja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, Forodhani palikuwa mmoja wa milango mikubwa ya bunduki katika Afrika Mashariki, na waliopita mlango huo wengi wao hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa mkopo. Jawabu nililompa lilinichukua siku kadhaa, na hilo ndilo ninalowaletea leo.

Nianze na mfanyabiashara mwengine mdogo, naye mgeni. Edmund Roberts alitoka Portsmouth, New Hampshire, Marekani. Mali yake ilikuwa imekwisha baharini kabla hajafika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1820. Alipofika hapa hakuridhika na alivyotendewa bandarini, akamlalamikia mtawala wa Maskati na Unguja, Sayyid Said bin Sultan, mwenyewe. Malalamiko ya mtu aliyefilisika aghlabu hayafiki mbali, lakini haya yalifika. Rais Andrew Jackson alimtuma arudi akiwa mjumbe wa serikali, na tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, ukatiwa saini mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said. Wamarekani wakaruhusiwa kuingia bandari zote za Sayyid na kulipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa mzigo walioushusha.

Ndani ya mkataba huo mna sharti moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa sheria hapa alisome. Bunduki, baruti na risasi, linasema, katika kisiwa cha Unguja haziuzwi ila kwa Serikali. Lakini katika bandari nyengine zote za Sayyid zinaweza kuuzwa bila kizuizi chochote, kwa yeyote atakayetoa bei kubwa zaidi.

Mtawala ni yule yule, na bunduki ni ile ile, imetoka meli moja, sanduku moja. Ikishushwa hapa na kuuzwa kwa mtu binafsi, ni kosa. Ikipelekwa mkono wa pili wa mkondo, Bagamoyo au Pangani, ni biashara. Sayyid Said hakuichukia bunduki. Aliichelea bunduki iliyo nyumba ya jirani. Nimesoma maandishi mengi juu ya historia ya udhibiti wa silaha, aghlabu yakianzia Ulaya, na sioni kwa nini hayaanzii hapo. Kila kilichofuata katika miaka karibu mia mbili kimo ndani ya sharti hilo: uhalali wa bunduki hauamuliwi inakotoka, huamuliwa inakofika.

Tuzitazame bunduki zenyewe, maana lugha yetu imezihifadhi vizuri kuliko makumbusho. Wazee walitaja bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi. Wakataja gumegume, ya jiwe la kiberiti. Ikaja ya fataki, kisha ya viasi, inayopakiwa kwa nyuma. Na zile za kushindiliwa mdomoni tukaziita magobori, jina ambalo polisi wetu wanalitumia mpaka leo wanapoonesha silaha walizokamata msituni. Orodha hiyo ya majina ni orodha ya jinsi majeshi ya Ulaya yalivyobadilisha silaha. Kila jeshi lilipopata mpya, ya zamani ilitafutiwa mnunuzi. Miaka ya 1860 na 1870 mataifa makubwa ya Ulaya yaliingia katika bunduki za viasi moja baada ya jengine, na ghala zao zikajaa za fataki na gumegume zisizo na kazi. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, walikuwa hodari wa kuzifufua na kutengeneza nyengine za bei nafuu mahsusi kwa soko la Afrika. Kilichokuwa taka kule kikawa mtaji hapa.

Mtu mdogo aliingiaje katika biashara hiyo? Kwa deni. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi, baadaye akaja Taria Topan, na nyumba hizi za Kihindi ndizo zilizokuwa benki ya misafara. Mwenye safari alichukua merikani, shanga, masango, mapipa ya baruti na bunduki kadhaa, akavuka, akapanda mpaka Tabora na ng'ambo ya Tanganyika, na akirudi alilipa kwa pembe. Hamed bin Muhammad el Murjebi, Tippu Tip, ambaye nyumba yake bado imesimama Shangani, alianza hivyo hivyo kwa mali ya wengine. Bunduki katika mzigo huo ilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: ililinda bidhaa, na yenyewe ilikuwa bidhaa. Ukiuza nyingi, unarudi tajiri bila ulinzi. Ukibakisha nyingi, unarudi salama na deni. Hesabu hiyo ilifanywa kila usiku kambini, na wapo walioikosea. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, mpaka alipofariki mwaka 1884, alikuwa miongoni mwa walionufaika na makosa hayo.

Kufikia mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa mjini, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha baina ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Aliandika kwa wasiwasi, na wasiwasi wake haukuwa juu ya waliouawa kwa bunduki hizo au waliotiwa utumwani kwa nguvu zake. Ulihusu zaidi kuwa karibuni bara lote litakuwa na bunduki nzuri, na kulitawala kutakuwa shida. Mwaka huo huo Abushiri bin Salim na wenzake waliinuka mwambao dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na meli za kivita za Ujerumani na Uingereza zikaizingira pwani kuanzia Disemba, kuzuia watumwa kutoka na silaha kuingia.

Kisha ukaja mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Sir John Kirk, aliyekuwa balozi hapa kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa wajumbe, na Zanzibar ikatajwa miongoni mwa nchi zenye mkataba. Walichora ukanda baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, bahari mpaka bahari, na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za bahari kutoka pwani. Unguja na Pemba zimo. Mji huu ukapewa pia afisi ya kimataifa ya kukusanya khabari za biashara ya utumwa baharini. Leo tunasifiwa kwa milango na baraza zetu, na wachache wanajua kuwa tuliwahi kuwa makao ya idara ya kimataifa.

Hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa kijana wangu angekuwa hai mwaka 1892 mkataba ulipoanza kutumika, haya ndiyo yangekuwa maisha yake. Silaha zote zinazoingia ziwekwe katika ghala la serikali. Hazitoki bila ruhusa. Za viasi na zenye mtutu wa mifuo haziuzwi. Hupewa mtu mmoja mmoja atakayetoa dhamana ya kutoipitisha kwa mwengine, au msafiri wa kujilinda. Silaha hiyo huandikwa na kupigwa alama, na leseni huonesha jina la mwenyewe pamoja na alama ile, kwa miaka mitano. Za biashara ni gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida tu, tena kwa maeneo yatakayoruhusiwa. Na mfanyabiashara aliyetoa mali ghalani alete kila miezi sita orodha ya alikopeleka na kiasi kilichobaki. Mwenye duka aliyezoea daftari moja la madeni, lenye madoa ya mafuta, sasa adaiwa ripoti. Nadhani ripoti ndiyo iliyowashinda wadogo kuliko ushuru wowote.

Mmoja aliyejaribu kuishi baina ya zama hizi mbili aliitwa Charles Stokes. Alikuwa Muairishi, alizaliwa Dublin, akafika Unguja mwaka 1878 na wamishionari wa Kiingereza. Akaoa Mnyamwezi, akaachana na misheni, akawa mtu wa misafara, pembe na bunduki. Mwaka 1889 aliwasaidia wafuasi wa Kabaka Mwanga kurudi Buganda. Wajerumani waliwahi kumtumia, Waingereza walimhitaji, na misafara ya Kinyamwezi ilimfuata. Kwa kila aliyemjua upande huu, alikuwa mfanyabiashara.

Mwanzoni mwa mwaka 1895 alikuwa ndani ya Dola Huru ya Kongo, akishutumiwa kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo. Kapteni Lothaire, Mbelgiji, aliamuru akamatwe, akamhukumu usiku bila nafasi ya rufaa, na tarehe 15 Januari akamtundika, mahali paitwapo Lindi, Ituri. Msichanganye na Lindi yetu ya kusini. Lothaire alishtakiwa Boma, kisha Brussels, akaachiliwa kote. Dola ya Kongo ikailipa Uingereza faranga 150,000, na Ujerumani faranga 100,000 kwa kuwa msafara ulitoka katika eneo lake. Nyinyi wa sheria mtajadili kama Stokes alikuwa na hatia. Mimi linanishughulisha jengine: aliutumia umri wake akitafuta ridhaa ya kila mwenye amri alikotoka, na mwenye amri alikofika hakuwa na haja ya kuisoma ridhaa hiyo.

Biashara yenyewe haikufa. Ilihamia kaskazini, Djibouti na Maskati, kwenye soko la Ghuba na la mipaka ya India. Wenye majahazi wa Sur, huko Omani, wakapata karatasi na bendera za Ufaransa, wakawa hawapekuliwi na manuwari za Uingereza. Kesi ikafika The Hague, na uamuzi wa tarehe 8 Agosti 1905 ukaifunga Ufaransa kwa tarehe: tangu Januari 2, 1892, hairuhusiwi kumpa Msuri bendera, isipokuwa aliyekuwa chini ya himaya yake kabla ya 1863. Fikirini nahodha wa jahazi anayeulizwa katikati ya bahari baba yake alikuwa nani mwaka 1863. Na mwaka 1912 Sultani Faisal bin Turki naye akafungua ghala la silaha Maskati. Ghala la Brussels lilikuwa limewafuata mpaka nyumbani.

Basi leo je? Nilimwambia kijana wangu kwanza ajue atakuwa nani. Risasi zinatengenezwa Morogoro na Shirika la Mzinga, nalo ni la serikali. Yeye hana kiwanda, hana ghala. Kwa hiyo hatokuwa muuzaji, atakuwa dalali. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inataka madalali wa silaha wasajiliwe, na kila silaha iwe na alama ya mtengenezaji, nchi na nambari. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimamia kuingiza, kutoa na kupitisha. Na asidhani atamaliza mambo yake Malindi, hapa mjini: ulinzi na usalama, polisi, ushuru wa forodha na biashara ya nchi za nje, yote ni mambo ya Muungano.

Akaniuliza: "Nikishapata vibali vyote hivyo?" Nikamwambia hapo ndipo anapoanza. Atafute hati ya mtumiaji wa mwisho, inayotoka serikali ya nchi inakokwenda silaha, ikisema nani ataitumia na kwamba haitopitishwa kwa mwengine. Ndiyo ile dhamana ya Brussels, imevaa suti. Kila nchi ya kati ambako mzigo utagusa bandari au kiwanja cha ndege nayo yaweza kudai ruhusa yake. Mkataba wa Biashara ya Silaha ulioanza kutumika tarehe 24 Disemba 2014 unaitaka serikali mwanachama inayotoa ipime kwanza kama silaha hizo zinaweza kutumika kuvunja haki za watu kule zinakokwenda, na kumbukumbu zihifadhiwe si chini ya miaka kumi.  

Aliondoka kimya. Nilidhani yamekwisha, na kwamba nimemrudisha kwenye ndoana na nyavu zake. Wiki iliyofuata akarudi na nakala ya mkataba wa 1833 niliyomuazima, amepiga mstari wa kalamu ya risasi chini ya lile sharti.

"Mwalimu," akasema, "hizi bandari nyengine, ambako ziliuzwa kwa yeyote, zilikuwa za nani?"

"Za Sayyid yule yule."

Akaikunja karatasi, akaniomba akae nayo siku mbili tatu zaidi. Bado anayo.