Askari Asiye na Jina
Maneno yaliyosemwa mbele ya Walimu na Wakristo wa Maganzo, siku za Jubilei



Tumeamriwa kusema kwa kitambo kidogo juu ya kazi ambayo sisi, walimu wanne na katekista mmoja, tumeifanya jioni baada ya shule, yaani kutafuta majina ya watu walio katika picha za zamani. Wengi wenu mwaijua habari hii kwa sababu mlikuwapo kanisani siku ile tulipokosea. Basi twaona ni haki kuanzia pale pale penye kosa.

Mji wetu huu umejaa wageni na watoto wa wageni. Tangu Williamson alipoipata almasi ya Mwadui mwaka 1940, watu walikuja kutoka pande zote za Usukuma, na Unyamwezi, na mbali zaidi, kila mtu na sanduku lake. Ndani ya masanduku hayo mlikuwa na vyeti vya ubatizo, na kanga za marehemu mama, na mara nyingine picha. Kwa hiyo picha iliyopo Maganzo si lazima iwe ya mtu wa Maganzo, wala mwenye kuitunza huenda hakumjua aliyepigwa.

Bibi mmoja alituletea picha ya askari aliye kijana, kichwa wazi, amekatwa kiunoni na ukingo wa karatasi, ameshika bunduki mbele ya kifua. Mkononi ana tepe mbili. Nyuma ya karatasi hapakuandikwa neno. Bibi akanena ya kwamba kwao walisema huyu ni ndugu wa baba yake, aliyekuwa askari wa mizinga wa Waingereza katika vita vya pili, akafa maji. Nasi tulijua ya kuwa merikebu Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu 1,297, na katika hao askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Habari ya bibi ikapatana na habari ya vitabu, tukafurahi kupita kiasi. Siku ya Marehemu Wote picha ikawekwa mbele ya altare, jina likasomwa, na jamaa wakalia machozi waliyoyaweka miaka mingi.

Misa ilipokwisha, mzee mmoja akatujia mlangoni, akasema kwa upole, "Walimu, picha hiyo nami ninayo nyumbani. Kwetu huyo ni babu yangu, aliyekwenda na Wajerumani kutoka Tabora asirudi."

Tukaenda kwake siku ile ile. Tukazilaza picha mbili mezani. Uso ule ule, bunduki ile ile, hata mkunjo wa shati ni ule ule. Ila askari wa bibi alielekea mkono wa kuume, na wa mzee alielekea kushoto. Moja katika picha hizo ilikuwa imegeuzwa ilipochapwa, kama mtu ajionavyo katika kioo. Ni ipi iliyo sawa?

Hapa twawaomba walimu wasikilize vema, maana jambo hili lawezekana kufundishwa hata darasani. Tazameni vifungo: shati la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya upande wa kulia. Tazameni na bunduki: kile chuma anachokivuta askari ili kuingiza risasi hukaa upande wa kulia wa bunduki, nacho katika picha ya bibi kilikuwa kushoto. Basi picha ya bibi ndiyo iliyogeuzwa. Tukiisha kulijua hilo, tepe zikahama mkono. Sisi tulikuwa tumeziona mkono wa kulia. Kumbe zilikuwa mkono wa kushoto, wala mkono wa pili haukuwa na kitu. Na askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walivaa tepe zao mkono wa kushoto: moja ni ombasha, mbili ni shaushi, tatu ni betishaushi, nne ni soli. Mwisho tukatazama mdomo wa bunduki. Bunduki ya Waingereza ya siku zile mti wake ulifika karibu na ncha kabisa, lakini ya Wajerumani mtutu wake huchomoza. Huu ulichomoza.

Ndugu zetu, mtutu huo ulikuwa ukichomoza tangu siku ya kwanza. Macho tulikuwa nayo, ila tulikuwa tumekwisha kuamua.

Tulirudi kwa bibi siku ya pili. Hatukupeleka barua, tulikwenda kwa miguu yetu, tukaketi, tukaungama. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi wangu yuko wapi?" Hatukuwa na jibu, na swali hilo ndilo linalotufanya tuendelee na kazi hii hata leo.

Wala msidhani ya kuwa mzee alishinda. Bunduki na tepe zatuambia jeshi na cheo, jina hazitaji. Mwanza ilitekwa na Waingereza Julai 1916, na Tabora ikaangukia jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka ule ule. Vita vikahamia kusini, hata Lettow-Vorbeck akaweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Katika njia hiyo mashaushi wangapi walianguka wasiandikwe? Mzee ana neno la babu zake, na bibi naye alikuwa na neno la babu zake.

Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya vita hivyo, asimulia jambo lililotokea hapo jirani yetu Mwanza mwaka 1964. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani waliobaki hai, na mwenye benki akaja na fedha. Wakakusanyika wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya nguo za jeshi, wengine mikono mitupu. Yule mwenye benki akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani ashike silaha, abebe silaha. Asema hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Miaka 46 ilikuwa imepita, na viungo vyao vilikuwa havijasahau. Habari hii twaipenda mno, walakini askari wetu wa karatasi hatuwezi kumpa ufagio.

Tumebaki na vitabu. Navyo vina mitego yake, hasa kwetu Wasukuma. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye awafuataye. Basi kila kijiji kina Kulwa wake, na kila karani wa jeshi aliandika kadiri alivyosikia, akitia "bin" mahali petu pa kusema "ng'wana". Wengine waliingia jeshini kwa jina moja, wakabatizwa kwa jingine. Kwa hiyo twawasihi makatekista wasiuache ukurasa wowote wa daftari la zamani la ubatizo au ndoa uliwe na mchwa, maana pengine hapo tu, pembeni pa jina la mtoto, ndipo palipoandikwa kazi ya baba yake.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika taarifa yake ya kwamba waliokufa vita vya kwanza wasipungue 116,000, na yamkini wafike 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nayo sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni nzuri, kila apitaye huitazama. Lakini haina jina la mtu.

Picha zote mbili tumezirudisha kwa wenyewe, na ile ya bibi tumemchapia upya ikiwa imeelekea sawa, kwa kuwa alisema hataki kuachana na kijana aliyemlilia. Nyuma tumeandika kwa kalamu ya risasi: "Shaushi wa jeshi la Wajerumani. Jina bado." Mwenye picha nyumbani na aje nayo shuleni Jumamosi alasiri. Asiifute vumbi kwa maji, wala asiandike juu yake kwa wino.