Sukari ya Futari Imetoka Wapi?

Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi wetu, juzi wakati wa futari kijana mmoja aliniambia, "Ustadhi, Kiswahili hakina chake. Hata sukari tumetoa kwa Mwingereza, si ni sugar tu?" Nikamwambia, kunywa uji kwanza.

Sasa sikilizeni. Hiyo sugar Mwingereza aliipata kwa Wafaransa, nao wakaipata kupitia Kilatini, kilichoitoa kwa Waarabu: sukkar. Sisi tuliipokea kwa Mwarabu moja kwa moja, pwani. Kwa hiyo hapa Mwingereza ni mkopaji mwenzetu, tena kwa njia ndefu! Wala tusijigambe, maana Mwarabu naye aliazima kwa Waajemi, shakar, na asili yake ni Bara Hindi, katika Kisanskriti: sharkara, yaani changarawe. Mimina sukari kiganjani utaona kwa nini.

Lakini mmea wenyewe tunao kwa jina letu la Kibantu, muwa. Ukitoka Kisumu kuelekea Muhoroni utafika Miwani, palipoanzishwa kiwanda cha sukari mwaka 1922. Si miwani ya macho hiyo, ni penye miwa.

Kijana alicheka, akaongeza kijiko cha tatu.