Wino Mwekundu na Daftari la Mwanafunzi

Katika shule za Bujumbura, kutoka Buyenzi hadi Kinama, mwanafunzi huandika kwa biki ya buluu na mwalimu husahihisha kwa biki nyekundu. Desturi hiyo ina sababu njema. Wino wa mwalimu ukifanana na wa mwanafunzi, mzazi hatajua lipi limeandikwa na nani, na mkono mjanja waweza kuigeuza 3 ikawa 8.

Hata hivyo, upo ushahidi kwamba rangi hiyo humwathiri hata msahihishaji mwenyewe. Mwaka 2010, watafiti Rutchick, Slepian na Ferris wa Marekani walitangaza matokeo ya majaribio yao. Watu waliosahihisha insha kwa kalamu nyekundu waliona makosa mengi zaidi, na wakatoa alama za chini zaidi, kuliko waliosahihisha insha hiyo hiyo kwa kalamu ya buluu. Kwa mazoea, kalamu nyekundu humtuma mtu kuwinda makosa.

Nchini Burundi jambo hili si dogo. Alama ndizo humpandisha mtoto darasa au kumlazimisha kurudia. Naye mtoto anayefundishwa kwa Kifaransa, lugha isiyosikika katika nyumba nyingi, hukosea mara nyingi. Daftari lake likajaa wekundu, akaanza kujiona mjinga.

Je, dawa ni kununua biki za kijani? Kijani nacho hutofautisha, wala hakina sifa ya ukali. Lakini mstari wa kijani usio na maelezo haumfundishi mtoto zaidi ya ule mwekundu. Tangu ada za shule za msingi zilipofutwa mwaka 2005, watoto wengi waliokuwa nje wameingia shuleni, na madarasa yamefurika. Mwalimu mwenye rundo la madaftari hupata nafasi ya kukata, si ya kueleza.

Kwa hiyo rangi ina uzito wake, bali neno la mwalimu lina uzito mkubwa zaidi. Mwalimu na aandike japo sentensi moja ya kuelekeza. Mzazi na aisome kabla ya kushika fimbo. Na wakuu wa elimu wampunguzie mwalimu rundo lile. Wahenga walisema, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini mtoto ataachaje kurudia kosa ambalo hakuelezwa?