Meza ya Malipo ni Uso wa Duka la Chama
(Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu wa vyama, wajumbe wa kamati na wauzaji wa maduka)



Duka la chama lina milango miwili: mlango unaoingiza bidhaa, na meza inayoingiza fedha. Mlango wa kwanza hutiwa kufuli na kuwekewa mlinzi. Wa pili mara nyingi huachiwa seremala aukadirie kwa jicho, na hapo ndipo hasara huanzia. Siku ya kuhesabu mali upungufu ukionekana, katibu humshuku mwuzaji, mwuzaji humshuku mwenzake wa zamu, na wanachama huwashuku wote. Pengine hakuna aliyeiba. Ni mikono mitatu iliyokuwa ikiingia katika droo moja. Heshima ya mtu mwaminifu yaweza kuvunjika kwa sababu ya meza iliyopangwa vibaya.

Jambo hili wanaushirika wamelifahamu tangu zamani. Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walikuwa na unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa tu. Lililowavuta watu kwao ni bidhaa safi na kipimo cha haki. Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton, Marekani, alibuni mashine ya kuandikia mauzo, kwa kuwa fedha zilikuwa zikimpotea mikononi mwa watumishi wake. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua katika mji wa Memphis duka ambalo mteja alijichukulia bidhaa mwenyewe, akazilipia mahali pamoja kabla ya kutoka. Hapa Tanzania, Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilikusudia kuhamishia biashara ya rejareja vijijini katika maduka ya vijiji na ya ushirika. Mengi hayakudumu: bidhaa zilikuwa haba, na hesabu zilikuwa dhaifu. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi meza iliyo bora ipangwe namna gani?

Kwanza, mahali pake. Meza ya malipo iwe karibu na mlango wa kutokea, lakini isiuzibe. Mpokea fedha aketi au asimame mahali anapoona mlango na rafu kwa pamoja, bila kugeuza mgongo. Njia ya kupita mbele ya meza isipungue sentimita 90, ili mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi apite bila taabu, na mwenye kiti cha magurudumu naye apite. Mafuta ya taa yasiuzwe juu ya meza hiyo. Yawekwe mbali na unga na sukari.

Pili, vipimo vyake. Kwa mtu anayesimama, kimo cha sentimita 90 hivi hakimchoshi mgongo, na upana wa sentimita 60 hutosha. Sehemu moja ya meza ishushwe hadi sentimita 75 hivi, kwa ajili ya mtoto aliyetumwa, mlemavu, na mzee asiyeweza kuinua mzigo. Meza igawanywe sehemu tatu zinazofuatana: pa kuweka bidhaa, pa kuhesabu na kulipa, na pa kufungashia. Sehemu hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania, na wateja wengi huja na vikapu vyao. Asipokuwa na pa kukiweka kikapu, mteja mmoja husimamisha foleni nzima.

Tatu, usalama wa fedha. Droo iwe upande wa ndani, chini ya meza, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki. Iwe na vyumba vya noti na sarafu, na ufunguo mmoja kwa mtu mmoja wa zamu. Zamu ikibadilika, fedha zihesabiwe mbele ya wote wawili, nao watie sahihi daftarini. Mashine ya stakabadhi iwekwe ambapo mteja anaona kiasi kinachoandikwa. Anayelipa kwa simu, namba ya malipo ya chama ibandikwe mbele yake, wala isiwe namba ya mwuzaji.

Nne, haki ionekane. Mizani iwekwe juu ya meza, ikimwelekea mteja, nayo iwe imekaguliwa na kupigwa chapa na wakaguzi wa vipimo. Orodha ya bei itundikwe nyuma ya mpokea fedha kwa herufi kubwa. Mwanachama anayeona sindano ya mizani kwa macho yake hana sababu ya kunong'ona njiani.

Tano, uzuri. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Uzuri hautaki gharama kubwa. Mbao za mninga zilizopigwa randa na vanishi, au saruji iliyovikwa vigae, hudumu na husafishika kwa kitambaa chenye maji. Pembe ziviringishwe zisichane nguo. Upande wa mbele upakwe rangi nyepesi, na jina la chama liandikwe hapo. Viberiti, nyembe na betri vikae kwenye kisanduku cha kioo juu ya meza, kwani vitu vidogo huuzika vikionekana na hupotea vikiachwa mbali. Matangazo ya zamani yabanduliwe.

Kabla ya kumlipa seremala, kamati na ichore meza hiyo sakafuni kwa chaki, ipange makasha matupu juu ya mchoro, kisha imwite bibi mwenye kapu, mtoto mwenye chupa, na mwuzaji mwenyewe. Wapite, wapokee, wafungashe. Atakayejikwaa ndiye mshauri bora kuliko wote, na chaki hufutika bila hasara.

Ndugu Wanachama, wengi hawalisomi daftari la chama, lakini kila mmoja huiona meza ya malipo. Ikiwa wazi, safi na yenye utaratibu, huamini kwamba na daftari liko hivyo. Ni wajibu wa kila katibu kuona kwamba imani hiyo si ya bure.