Kompyuta Kuukuu Bado Ina Kazi, Ila Vitabu Kwanza

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya Kitale na Bungoma)

Nimeombwa niseme juu ya zile kompyuta kuukuu tunazohifadhia vitabu vya vikundi. Swali lililoletwa kwangu ni moja, nalo limetoka pande zote mbili, Kitale na Bungoma: "Tumeambiwa Windows 10 imekwisha. Je, tuchange pesa tununue mashine nyingine?"

Jibu langu ni hapana, msichange bado. Lakini hiyo hapana ina masharti, na sharti moja ni zito kuliko kompyuta yenyewe.

Kwanza tuelewane ni kitu gani kimekwisha. Kompyuta ina mwili wa vyuma, halafu ina mfumo unaouendesha huo mwili, ule unaoamka kwanza ukibonyeza kitufe. Windows 10 ni mfumo. Ulitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ikasimamisha marekebisho ya kawaida ya usalama. Kompyuta haikuzimika siku ile, ndiyo maana wengine wenu mnasema, "Mbona yetu inafanya kazi?" Inafanya, ndiyo. Lakini wezi wa kompyuta hutafuta matundu kila siku, na zamani tundu likionekana lilikuwa linazibwa kila mwezi. Sasa halizibwi. Wakati ule kampuni ilitoa nafasi ya mwaka mmoja zaidi kwa wale watakaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Huko ni kusogeza siku tu.

Windows 11 nayo inachagua mashine. Inataka memori isiyopungua gigabaiti 4, inataka kidude cha usalama kinachoitwa TPM cha toleo la 2, na prosesa za kuanzia miaka ya 2017 na 2018 hivi. Sasa hizi zetu zilizokuja kama mitumba, ngapi zitapita hapo? Kwa hiyo mwenye duka akiiangalia anawaambia, "Hii imekufa." Haijafa. Iliyokwisha ni mbegu, shamba bado lipo.

Wazee wa Kitale mnaikumbuka mbegu chotara ya 611 iliyotoka hapa kituo cha utafiti mwaka 1964. Shamba lilikuwa lile lile la baba yako, mbegu ndiyo iliyobadilika. Lakini chotara ina jambo moja mnalolijua vizuri: mahindi uliyovuna huyapandi tena ukapata mazao yale yale, kila mwaka unarudi dukani. Mfumo ninaotaka kuwaeleza una tabia ya mbegu ya kienyeji. Ukiupata unamgawia jirani, naye anampa shemeji yake, na sheria inaruhusu.

Mfumo huo unaitwa Linux. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, nchi ya Finland, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, alianza kuandika kiini chake akakitoa kwa watu wote. Wengine wakaongeza, na zikatoka aina nyingi, kama mbegu. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Na msidhani ni mambo ya wazungu peke yao: mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za bure zenye maneno ya Kiswahili. Huwa nawaambia vijana wanaodhani kompyuta haijui lugha yetu.

Haya, kompyuta yetu inafanya kazi gani? Si ya kuandikia barua. Iko pembeni, wengine wameiweka chini ya meza, wengine nyumbani kwa katibu. Kazi yake ni kutunza majedwali ya akiba, mikopo na mahudhurio, ili mwenye simu au laptopu akiwa karibu na ruta asome humo. Hiyo ndiyo inaitwa seva, maana yake mhudumu. Na kazi ya mhudumu ni nyepesi. Mashine ya mwaka 2012 yenye gigabaiti 2 za memori inaweza Debian bila taabu, hasa ukiiweka bila madirisha na mapambo. Mama mweka hazina atatumia laptopu yake kama kawaida na folda ya kikundi ataiona pale pale, kwa sababu Linux ina programu inayoitwa Samba inayojua kuongea na Windows.

Ila laptopu yake nayo kama ni ya Windows 10, shida ni ile ile. Hiyo mwekeeni Linux Mint, sura yake haitamtisha. Majedwali ya Excel yatafunguka kwa LibreOffice. Lakini kama kuna jedwali ambalo fundi alilitilia vitufe vya kujiendesha, huenda lisiende sawasawa, lijaribuni mapema. Na kama kikundi kilinunua programu ya hesabu inayokubali Windows tu, basi msihame mpaka mzungumze na aliyewauzia. Hapo ni afadhali kungoja kuliko kukwama.

Sasa lile sharti zito.

Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, kilipeleka kompyuta kwa fundi. Fundi akauliza, "Nifomati?" Wakasema ndiyo. Hawakujua kufomati ni nini. Aliporudisha mashine ilikuwa nzuri, ya haraka, na tupu. Akiba za mwaka mzima hazimo. Daftari la karatasi lilikuwa limeandikwa mpaka Juni, wakaacha, ati kompyuta inatosha. Ikabidi kila mwanachama alete ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, mmoja mmoja, kuanzia Julai hadi Novemba. Na wale waliotoa pesa mkononi? Mnaweza kufikiria kikao kile, na Desemba ya kugawana ndiyo hiyo inakuja. Wengine hawasalimiani mpaka leo.

Kubadilisha mfumo kunafuta diski. Si kwa bahati mbaya, ndivyo kazi ilivyo. Kwa hiyo kabla hamjagusa kitu, nakilini vitabu vyote mara mbili, kwenye diski za nje au flashi mbili zisizo na kitu kingine. Moja ibaki ofisini, ya pili ilale nyumba nyingine kabisa, maana moto na mwizi hawachagui. Halafu, na hapa ndipo watu wanaruka, zifungueni hizo nakala kwenye kompyuta nyingine. Chagua wanachama watatu, soma akiba yao kwenye skrini, mwingine asome kwenye daftari. Zikilingana, endeleeni. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa nakala. Msisahau na picha za vitambulisho, mihtasari ya vikao, barua za maombi. Mara nyingi hizo ziko kwenye folda ya mtu binafsi, si ya kikundi.

Andikeni pia kwenye karatasi jina la ruta, neno la siri, aina ya printa, na namba ambayo simu zinatumia kuifikia seva. Siku ya kazi hakuna atakayekumbuka.

Halafu jaribuni kabla ya kuhama. Linux inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 8 bila kugusa diski yenu, mradi msichague ile sehemu ya kusimika. Iwasheni hivyo, muone kama waifai inashika na printa inachapa. Printa nyingine hukataa, afadhali ujue leo. Wakati huo huo angalieni prosesa. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisimikaji cha prosesa za biti 32. Kama mashine yenu ni ya hizo, au diski inagonga tik-tik kama saa mbovu, msilazimishe. Diski inabadilishwa, na mkiweka ile ya SSD mtashangaa kasi yake. Biti 32 haina dawa ya kudumu. Na ikifika hapo msiichome wala kuitupa kwenye shimo la takataka, ndani mna risasi na sumu nyingine zinazoingia kwenye udongo na maji.

Siku yenyewe isiwe Novemba wala Desemba. Chagueni mwezi mtulivu, asubuhi, siku ambayo stima haisumbui, kwa sababu ikipotea katikati mtaanza upya. Kama mna laptopu kuukuu na kompyuta ya mezani, mimi ningechagua laptopu iwe seva. Ina betri yake, stima ikipotea inapata muda wa kuzimwa vizuri. (Betri ikiwa imevimba, iondoeni.) Tena hesabuni matumizi: mashine ya mezani inayokula wati 80 mchana na usiku inamaliza karibu yuniti 58 kwa mwezi. Laptopu ya wati 15 ni kama yuniti 11. Mashine ya bure yaweza kuwa ghali kwa token.

Juu ya kupakua, Mint ni karibu gigabaiti 3. Msipakue kila kikundi kivyake. Mmoja apakue mahali penye intaneti nzuri, wengine wanakili.

Limebaki la funguo, na hapa nasema na vijana. Vikundi vingi mfumo mpya unawekwa na kijana mmoja hodari. Anaweka neno la siri, mwezi ujao anapata kazi Nairobi, simu hashiki. Neno la siri la seva si mali ya fundi. Liandikwe, litiwe kwenye bahasha, bahasha ikae na mweka hazina kwenye kasha lile la pesa, na watu wawili wafundishwe kuingia. Mama asiseme, "Mimi sijui kompyuta." Kama unaweza kutuma pesa kwa simu, haya maagizo matatu ya kusasisha mfumo yatakushinda kwa nini? Na seva isifunguliwe kwa watu wa nje kupitia intaneti. Humo mna namba za vitambulisho na za simu za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika habari za watu azilinde.

Daftari la karatasi liendelee. Angalau miezi mitatu baada ya kuhama, kila kikao kiandikwe kote kuwili, na jumla zisomwe mbele ya wanachama.

Hapa mezani nina flashi tatu, mbili za Debian na moja ya Mint. Kikundi kinachotaka kujaribu kichukue, kinakili, kisha kirudishe kikao kijacho. Katibu ataandika nani amechukua ipi. Maswali?