MAJI YANAYOANZIA KWETU

(Mazungumzo ya redio)

Leo twazungumza nanyi kutoka Molo, mahali ambapo mtu akiamka hutafuta koti lake kabla ya kuuliza habari ya chai. Tunataka kusema juu ya maji, na hasa yale maji yajayo kwa hasira.

Mtu akifiwa kwa mafuriko, sisi huenda kwake, tukaketi naye, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Ni neno la faraja, wala hatumlaumu alisemaye mbele ya jeneza. Lakini tumelisema mara nyingi mno, hata limekuwa kama blanketi la kufunikia mambo mengine ambayo hatutaki yaonekane. Mvua ni ya Mungu, naam. Lakini njia ambayo maji hupita baada ya mvua kuanguka, hiyo mara nyingi tumeichonga sisi wenyewe kwa jembe na kwa shoka.

Mwakumbuka tarehe 29 Aprili, 2024, kule Mai Mahiu, katika kaunti yetu hii hii ya Nakuru. Kabla ya mapambazuko, watu wakiwa wamelala, maji yaliteremka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa yakakipiga kijiji cha Kamuchiri. Watu zaidi ya 45 walikufa, na wengine walitafutwa siku nyingi. Mwanzoni ilisemwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye maofisa wa serikali walieleza kwamba halikuwa bwawa la kujengwa. Maji ya mto yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa sababu njia ya maji iliyo chini ya tuta hilo ilizibwa na udongo, mawe na miti. Yakajaa, yakajaa, kisha yakavunja. Tafadhali lishikeni jambo hilo. Maji yalikuwa na njia yake. Kilichoiziba ni mlima wenyewe, ulioteremka pamoja nayo.

Msimu ule wa mvua, kutoka Machi hadi Mei, uliua karibu watu 300 katika Kenya nzima.

Sasa turudi Molo. Sisi tuko juu, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na mtu akaaye juu husahau upesi habari ya mafuriko. Kwetu maji hayakai, yanapita tu. Mto Molo huanza hapa kwenye milima ya Mau, ukashuka Rongai, ukapita Mogotio, mpaka ukaingia Ziwa Baringo. Mto Njoro, pamoja na Makalia na Nderit, hutoka Mau kwenda Ziwa Nakuru. Upande wa pili wa milima hiyo hutoka Mara na Sondu. Kwa hiyo tulifanyalo huku juu, watu tusiowajua hulilipia kule chini.

Ingieni msituni siku ya mvua kubwa, ndipo mtaona tofauti. Mvua imekwisha kuanza, nawe bado hujalowa. Matone hupigwa na majani ya juu, yakaangukia majani ya chini, na yafikapo ardhini hayana tena nguvu ya kuchimba. Hapo chini pana majani yaliyooza, laini kama godoro, na chini ya godoro ipo mizizi na mashimo ya minyoo. Maji huzama humo. Yatatokea tena baada ya wiki nyingi, kwenye chemchemi, polepole, wakati wa kiangazi ambapo ng'ombe hutafuta pa kunywa. Haya, tokeni sasa mwende kwenye shamba lililolimwa lote, au kwenye malisho yaliyokanyagwa na mifugo mpaka yakawa magumu kama sakafu. Mvua ni ile ile, saa ni ile ile, lakini dakika chache tu maji yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa na yanakimbia, na yote hufika mtoni kwa wakati mmoja. Hayo ndiyo mafuriko. Na ukame wa Februari ni ndugu yake wa tumbo moja, maana maji yaliyokimbia hayangojei mtu.

Hatusemi kwamba msitu huzuia kila balaa. Mvua ikinyesha wiki baada ya wiki, hata godoro hujaa, na mlima ulio mkali sana huweza kuporomoka na miti yake. Lakini uko mto upandao polepole, ukawapa watu nafasi ya kuwahamisha watoto, na uko mto ufikao usiku kama mwizi. Tofauti ya mito hiyo miwili huanza huku juu.

Na godoro letu tumelikata. Mwaka 2001 serikali ya wakati ule iliondoa katika hifadhi hekta zaidi ya 61,000 za msitu wa Mau, na zaidi ya nusu yake ilikuwa Mau Mashariki, upande huu wetu. Baadhi ya waliopata mashamba walikuwa maskini kweli, na wengine hawakuwa maskini hata kidogo. Kufikia mwaka 2009 ilikadiriwa kwamba karibu robo ya msitu wa Mau ilikuwa imepotea katika muda wa miaka kama 20. Mto Njoro, ambao wazee wanaukumbuka ukitiririka mwaka mzima, siku hizi hukauka wakati wa kiangazi.

Wala tusiseme upesi kwamba mwanadamu na msitu hawawezi kukaa pamoja. Waogiek wamekaa humo vizazi vingi na mizinga yao ya asali, na nyuki hamtaki mtu akate mti. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei, 2017 kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba kuhifadhi msitu hakukuwa sababu ya kutosha ya kuwafukuza.

Siku moja tuliteremka mpaka Baringo kuwaona ndugu. Ziwa lina rangi ya matope. Tangu karibu mwaka 2011 limepanda, likameza nyumba, shule, zahanati na barabara. Wataalamu husema kwamba mvua nyingi ndiyo iliyolipandisha zaidi, na kwamba udongo uletwao na mito nao umo katika hesabu. Mzee mmoja alituuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Molo, alicheka, akasema, "Basi karibuni. Shamba lenu lilitangulia kufika." Nasi tulicheka. Lakini njiani tukirudi hakuna aliyecheka.

Alisema kweli. Shamba letu linashuka hadi mtoni. Viazi vikiwa na bei, kila hatua ya ardhi ni gunia, na gunia ni karo ya shule. Basi tulilima hadi kwenye maji yenyewe, na mistari ya viazi tuliielekeza chini kufuata mteremko, kwa kuwa hivyo maji hayasimami kwenye viazi vikaoza. Sheria ya nchi tuliijua, kwamba ukingo wa mto huachwa bila kulimwa, mita zisizopungua 6 na hata kufika 30, kwa kadiri ya mto. Tuliijua kama tujuavyo mambo mengi tuyasikiayo Jumapili. Kisha masika moja, mistari ya chini kabisa iliondoka kwa usiku mmoja, viazi na udongo pamoja, ukabaki udongo mgumu usiozaa kitu.

Tukaanza upya, si kwa wema bali kwa hasara. Tumeacha hatua kumi na mbili kutoka kwenye maji. Magunia yaliyopungua twayahesabu kila mavuno, wala hatutawadanganya kwamba hayaumi. Katika nafasi hiyo tumepanda nyasi za nepia, ambazo hukatwa kwa ng'ombe wa maziwa, na karibu na maji tumepanda mianzi ya asili ya milima hii, maana mizizi yake hushika udongo kama vidole. Juu kidogo tumechimba fanya juu, kama walivyofanya watu wa Machakos tangu zamani. Mtaro hukata mteremko, udongo hutupwa upande wa juu, na mwaka baada ya mwaka shamba huwa kama ngazi. Mistari ya viazi nayo sasa inakata mteremko. Mvua ikinyesha, maji hutua kwenye kila ngazi kabla ya kushuka.

Hata katika kutengeneza tulikosea. Tulipanda mikaratusi kandokando ya chemchemi, kwa kuwa hukua upesi na nguzo zake zina soko. Mti ule una kiu kubwa. Chemchemi ilipoanza kupungua tuliikata, tukaiacha mimea ya asili irudi yenyewe. Basi si kila aliyepanda mti amerudisha msitu.

Jambo hili lina ubishi mwingi kwetu. Tarehe 2 Julai, 2023, katika ibada hapa hapa Molo, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku ya kukata miti, iliyokuwapo tangu 2018. Watu wa viwanda vya mbao walifurahi, nasi twawaelewa, maana mashine zilipolala vijana nao walilala njaa. Habari ilihusu miti iliyopandwa ili ivunwe, si msitu wa asili. Hata hivyo jambo hilo lilifikishwa mahakamani. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Mei, baada ya mafuriko, nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili kupanda miti. Nasi tulipanda, tukapigwa na picha. Miche mingi ya siku ile imeliwa na kondoo, na kondoo wenyewe ni wetu.

Linalotusumbua sasa ni ng'ambo ya mto. Jirani yetu kule analima hadi kwenye maji, lakini shamba si lake, amelikodi kwa msimu mmoja tu. Ni nani atakayepanda mwanzi wa miaka mingi katika ardhi ya miezi minne? Tumemwomba mwenye shamba aitaje sehemu ya ukingo katika mapatano, na kodi aipunguze kidogo, ili mpangaji asiumie peke yake. Amejibu kwamba atafikiri. Jumamosi hii tunakwenda kwake tena, na miche ya mianzi tutaichukua mkononi, kusudi akikubali asipate nafasi ya kubadili nia.

Kwaherini, wapenzi, hadi juma lijalo.